Mashine imesema huna sukari. Nani amepima mkojo?

Mtu akianza kutembea na chupa ya maji na kuamka usiku mara nne kwenda chooni, mtaani hukumu hutoka siku hiyohiyo: ana sukari. Jirani atamkataza soda. Shemeji atamletea unga wa majani ya mlonge. Mwingine atamwambia akojoe pembeni ya ua, kisha aangalie kama sisimizi watajaa. Sina ugomvi na watu hawa, kwa sababu mara nyingi wanapatia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba katika kila Watanzania 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64, kama 9 walikuwa na kisukari. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika wanaishi na ugonjwa huo, na zaidi ya nusu yao hawajui. Kwa hiyo ukishikwa na kiu isiyoeleweka, kapime sukari kwanza. Hilo halina mjadala.

Ugomvi wangu unaanzia pale mashine inaposema hapana. Kidole kimetobolewa, tone la damu limewekwa, namba imetoka 5.4, na mgonjwa anaambiwa: "Uko sawa, nenda nyumbani, ila punguza sukari kidogo." Apunguze sukari ipi, na umeshamwambia hana? Na ile kiu iliyomtoa nyumbani imepata jibu gani?

Nilikuwa fundi sanifu maabara katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga hadi nilipostaafu. Wauguzi walizoea kunitania kwamba sijui sura za wagonjwa, najua mikojo yao. Kuna ukweli kidogo. Mkojo unasema mengi ukiuuliza vizuri, na siku hizi tumeacha kuuuliza.

Nitamtaja kijana mmoja, bila jina. Alikuwa dereva wa bodaboda. Alianguka bila helmeti, akalazwa, kidonda cha kichwani kikapona, akarudi kijiweni. Kisha ikaja kiu. Haikuwa kiu ya jua la mchana. Alitaka maji ya baridi, na kama kuna barafu basi yenye barafu, usiku na mchana. Mama yake alinieleza akiwa amesimama mlangoni mwa maabara, mkono mmoja umeshika upindo wa kanga: "Dokta, huyu mtoto anamaliza ndoo. Anakunywa, anakojoa, analala, anaamka, anakunywa tena. Nyumba nzima hatulali." (Huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, niliacha zamani kuwasahihisha.) Alikuwa amepita kwenye vituo viwili. Cha kwanza kilimpa dawa za UTI, kama ilivyo desturi ya nchi hii ambako kila anayekwenda chooni mara kwa mara ana UTI. Cha pili kilipima sukari, kikaikuta sawa, kikamwagiza aache vinywaji vitamu. Na mjomba wake, kwa nia njema kabisa, alishaagiza maji yafichwe usiku ili mwili uzoee.

Kikopo alichonipa kilikuwa na mkojo usio na rangi wala harufu. Ungeuweka kwenye bilauri usingejua. Nilitoa yurinomita yangu ya kioo, chombo ambacho vijana wa maabara siku hizi hukitazama kama kitu cha makumbusho. Chini kina tumbo lenye uzito, juu kina shingo nyembamba iliyoandikwa namba. Unakitumbukiza kwenye mkojo, kinaelea, unasoma pale uso wa mkojo unapokata shingo. Maji matupu husoma 1.000. Mkojo wa asubuhi wa mtu mzima mwenye afya mara nyingi husoma kati ya 1.015 na 1.025, maana usiku figo hubana maji. Wa kijana huyu, wa asubuhi vilevile, ulisoma 1.002. Yaani figo zake zilikuwa zinamwaga maji karibu kama zilivyoyapokea.

Hapo ndipo magonjwa mawili yenye kiu hiyohiyo yanapoachana, na ningependa msomaji apaelewe.

Katika kisukari tunachokijua, chenye jina la kitaalamu dayabetisi melitasi, tatizo liko kwenye insulini. Kongosho haliitengenezi, au linaitengeneza na mwili hauitikii ipasavyo. Sukari inarundikana kwenye damu. Figo kwa kawaida huirudisha sukari yote mwilini, lakini ikipanda kupita milimoli 10 hivi kwa lita, zinazidiwa, nyingine inapita kwenye mkojo. Sukari haiendi peke yake, inavuta maji. Maji yakitoka kwa wingi, kiu inakuja. Mkojo wa mtu huyu ni mwingi na huenda ukaonekana mweupe, lakini uweke kwenye yurinomita uone: kioo kinapanda juu, 1.030 na zaidi, kwa sababu ya sukari iliyoyeyuka humo. Nilipoanza kazi tulikuwa tukitia matone machache ya mkojo kwenye dawa ya Benedict, tunachemsha juu ya taa ya spiriti, na rangi ya bluu inageuka kijani, manjano, machungwa, mpaka nyekundu ya tofali kadiri sukari ilivyo nyingi. Mkojo wa kijana wa bodaboda niliuchemsha hivyo, ukabaki bluu.

Katika ugonjwa wa pili, dayabetisi insipidasi, sukari haihusiki hata chembe. Figo zetu huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku na kuyarudisha karibu yote. Sehemu ya mwisho ya kazi hiyo husubiri amri ya homoni iitwayo vasopresini, inayotengenezwa kwenye ubongo na kuhifadhiwa katika tezi ya pituitari, chini kabisa ya ubongo. Homoni ikija, figo hubana maji. Isipokuja, maji hutoka. Mtu mzima wa kawaida hukojoa lita moja hadi mbili kwa siku. Huyu hukojoa zaidi ya 3, na wapo wanaofika 10, hata karibu na 20. Mwili wake haukosei kudai maji: unayapoteza kweli.

Homoni inaweza kukosekana kwa sababu pituitari au njia zake zimeumia: ajali ya kichwa, uvimbe, upasuaji wa ubongo, homa ya uti wa mgongo, ikiwamo ile ya kifua kikuu. Mara nyingine kinga ya mwili yenyewe ndiyo huharibu. Au homoni ipo tele ila figo haziisikii, jambo linaloonekana kwa baadhi ya watu waliotumia lithiamu kwa muda mrefu kutibu maradhi ya akili, kwa wenye kalsiamu nyingi au potasiamu kidogo kwenye damu, na kwa watoto, hasa wa kiume, waliorithi hitilafu hiyo kupitia kwa mama. Wajawazito wachache pia huipata kwa muda, kwa kuwa kondo la nyuma huivunja homoni, na baada ya kujifungua hali hurudi.

Insipidasi ni nadra, kama mtu mmoja katika kila 25,000. Ndiyo maana sitaki mtu asome makala haya akaacha kupima sukari. Lakini nadra si sawa na hakuna. Katika nchi yenye bodaboda nyingi kiasi hiki na helmeti zilizoning'inizwa kwenye usukani badala ya kuvaliwa, majeraha ya kichwa hayapungui, na baadhi ya majeruhi huanza kukojoa namna hii siku au wiki kadhaa baada ya ajali. Wengine hupona wenyewe, wengine hapana. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi atakutajia hata siku kiu ilipoanza. Kila anayeruhusiwa kutoka wodini baada ya kuumia kichwa angeulizwa swali moja tu: unakunywa maji kiasi gani?

Waganga wa zamani hawakuwa na mashine, walionja. Mwingereza Thomas Willis aliandika mwaka 1674 kuwa mkojo wa baadhi ya wagonjwa wake ni mtamu kama uliotiwa asali. Matthew Dobson wa Liverpool, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1776, aliukausha mkojo wa namna hiyo akabakiwa na sukari. Kufikia mwisho wa karne hiyo madaktari wa Ulaya walishatenganisha wenye mkojo mtamu na wenye mkojo usio na ladha. Na kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: mwaka 1913, Italia na Ujerumani, madaktari walionyesha kuwa dondoo la tezi ya pituitari likichomwa kwa sindano hupunguza mkojo wa insipidasi. Insulini ilikuja kupatikana Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza akachomwa Januari 1922. Ugonjwa usiojulikana na mtu ulipata njia ya tiba mapema kuliko ule unaojulikana na kila mtu.

Sasa yale maji yaliyofichwa.

Mwenye kisukari akinyimwa maji atapata shida. Mwenye insipidasi akinyimwa maji anaweza kufa, na si baada ya wiki. Figo hazingoji ruhusa ya mjomba, zinaendelea kumwaga. Chumvi kwenye damu inapanda, ubongo unasinyaa, mtu anachanganyikiwa, anakuwa mkali au mzito, anaingia degedege. Kiu ndiyo dawa yake ya kwanza. Akiwa na akili timamu na bomba karibu, anajilinda mwenyewe. Hatari iko kwa mtoto mchanga asiyeweza kuomba, kwa mzee aliyelala, kwa aliyepoteza fahamu, na kwa mgonjwa aliyebandikiwa agizo la kutokula wala kunywa kuanzia saa sita usiku kwa ajili ya upasuaji wa asubuhi.

Jambo hili halitokei kwa maskini tu. Mwaka 2009, London, kijana wa miaka 22 mwenye insipidasi alilazwa kwa upasuaji wa nyonga. Dawa zake hazikutolewa, na fujo zilizoletwa na kuishiwa maji zilichukuliwa kuwa utovu wa adabu. Alipiga simu polisi kutoka kitandani kuomba maji. Alikufa. Uchunguzi wa kisheria wa mwaka 2012 ulieleza kwamba kuishiwa maji ndiko kulikomuua na kwamba uzembe ulichangia. Mwaka 2022 vyama vya wataalamu wa homoni kutoka nchi mbalimbali vilitangaza majina mapya: upungufu wa vasopresini kwa aina ya ubongo, na ukinzani wa vasopresini kwa aina ya figo. Sababu mojawapo waliyoitaja ni hiyohiyo, kwamba wahudumu husikia neno dayabetisi wakaenda kutafuta sukari. Nawaunga mkono. Hata hivyo, sidhani kama tatizo la Muheza au Handeni litamalizwa na jina. Litamalizwa na kupima.

Kwetu pwani kuna na mwezi wa Ramadhani. Nimewahi kuona mtu akinywa maji kwa kujificha chooni, kwa aibu, mchana wa mwezi mtukufu, na wenzake wakimsema. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na sijakutana na sheikh aliyehitaji kuelezwa mara mbili. Wanaohitaji kuelezwa ni majirani. Mwenye insipidasi asiyedhibitiwa kwa dawa hafai kufunga, na anayetumia dawa asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Nawasikia madaktari wakisema: mbona nasi hospitalini huwanyima wagonjwa maji ili kuwapima? Ni kweli, kipimo hicho kipo. Mgonjwa hukaa bila kunywa huku anapimwa uzito kila baada ya muda, damu yake inaangaliwa chumvi, mkojo unapimwa, na uzito ukishuka kupita kiwango kilichowekwa, kipimo kinasimamishwa hapohapo. Kisha hupewa desmopresini, homoni ya kutengenezwa. Mkojo ukikaza, tatizo lilikuwa ubongoni. Ukibaki maji, ni figo. Kazi hiyo ina wataalamu wanaosimama kando ya kitanda. Kufungia ndoo chumbani ni jambo jingine kabisa.

Kipimo hicho pia huwatenga wale wanaokojoa sana kwa sababu tu wanakunywa sana, wengine kwa maradhi ya akili, wengine kwa kusoma mtandaoni kwamba lita 5 kwa siku huondoa sumu mwilini. Hao, ukiwapa desmopresini bila kuwapima, utawamwagia maji kwenye damu mpaka chumvi ishuke vibaya. Kwa hiyo msomaji asinielewe kwamba dawa hii ni ya kununua kwa kuambiwa na jirani. Hata mgonjwa wa kweli akizidisha, anadhurika.

Aina ya figo ina tiba ya ajabu kidogo. Haitibiki kwa desmopresini ya kawaida, lakini haidroklorothayazaidi, kile kidonge cha presha kinachowafanya watu wengine wakojoe, humpunguzia huyu mkojo, hasa akipunguza na chumvi kwenye chakula. Nilipokuwa nikiwaeleza wanafunzi walidhani ninatania.

Niseme na hili kwa wazazi. Mtoto wa selimundu huwa na figo zisizoweza kubana mkojo vizuri. Si insipidasi hasa, ila anakojoa mwingi na mwepesi, na kitandani anakojoa hata akiwa mkubwa. Kumchapa ni ukatili juu ya ugonjwa. Na mtoto mchanga wa kiume mwenye homa zisizoisha, anayetapika, asiyeongezeka uzito, na nepi zake hulowa kila saa, asiendelee kutibiwa malaria isiyoonekana kwenye darubini. Mpimeni chumvi ya damu.

Wanaume wenzangu waliovuka miaka 50, msitishike bure. Kwenda chooni mara nyingi si sawa na kukojoa mkojo mwingi. Tezi dume ikivimba unaamka mara tano, kila mara kidogokidogo, ukijumlisha haufiki hata lita mbili. Ndiyo sababu nasisitiza chombo cha kupimia.

Na kupima kwenyewe hakuhitaji mashine kutoka ng'ambo. Chukua dumu safi la lita 5, au mawili. Amka asubuhi, mkojo wa kwanza mwaga, tazama saa. Kuanzia hapo kila tone liingie dumuni, mchana na usiku, hadi saa ileile kesho yake, pamoja na ule wa asubuhi hiyo. Kunywa maji kama unavyokunywa siku zote, usijizuie. Mtu mzima akipita lita 3 na sukari yake ya damu iko sawa, ana neno la kumwambia daktari. Kijana wangu alijaza madumu mawili na kuanza la tatu. Kwa namba hiyo na ile 1.002, daktari wa wilaya hakuhitaji kushawishiwa. Alimpa rufaa, akapigwa picha ya kichwa, akaanzishiwa desmopresini. Mama yake alikuja baadaye kunieleza kuwa sasa wanalala.

Wenzangu mlio kazini, vile vijiti vya vibanda 10 mnavyochovya kwenye mkojo vina kibanda cha uzito. Kisomeni. Mkisoma cha sukari na cha protini na kuviacha vingine, mnatupa fedha ya serikali. Ila kumbukeni kwamba kijiti hupima uzito kwa chumvi, hakihesabu sukari, wakati yurinomita huhesabu kila kilichoyeyuka. Na halmashauri zinazoagiza mashine za sukari ziongeze yurinomita moja kwa kila kituo cha afya. Haina betri, haina stripu za kuisha, na isipodondoka inamzidi umri mnunuzi. Desmopresini nayo ikae kwenye kila hospitali ya rufaa ya mkoa. Wagonjwa ni wachache, hivyo gharama haitatisha, na mgonjwa aliyezoea dawa hiyo hawezi kusubiri basi la Dar es Salaam.

Wewe mwenye ndugu aliyekwisha kuambiwa ana ugonjwa huu, siku atakayolazwa kwa jambo lolote, hata mguu uliovunjika, usiishie kumletea uji. Mwambie muuguzi wa zamu kwa sauti: huyu si kisukari, asinyimwe maji. Akiandikiwa kutokunywa kwa ajili ya upasuaji, uliza maswali mawili na usiondoke bila majibu: dripu inaanza saa ngapi, na dawa yake ya homoni atapewa na nani?